Zuia matumizi ya tamaa kabla pesa haijafika mkononi

Mzazi aliyeapa mwezi wa Septemba kwamba ada ya Januari hataikopa hakuwa akidanganya. Septemba, ada na nguo za sikukuu zote ziko mbali, kwa hiyo akili inazilinganisha kwa utulivu na ada inashinda. Desemba ikifika, nguo zimetundikwa dukani mbele ya macho, ada bado ina wiki tatu, na mtu yuleyule anaamua kinyume cha alivyoamua mwanzo.

Jipime mwenyewe. Ungepewa 10,000 leo au 11,000 kesho, ungechagua ipi? Sasa 10,000 baada ya siku 30 au 11,000 baada ya siku 31? Wengi huchukua 10,000 ya leo, lakini kwenye swali la pili wanasema siku moja si kitu, wasubiri 11,000. Tofauti ni siku moja na shilingi elfu moja katika maswali yote mawili. Mwaka 1997 mwanauchumi David Laibson aliweka tabia hii kwenye hesabu: kitu chochote kisicho cha sasa hivi tunakishusha thamani kwa mkupuo mkubwa, halafu kati ya siku za mbeleni hatuoni tofauti kubwa. Ndiyo maana maamuzi mazuri ya pesa hufanyika wakati raha na faida zote ziko mbali. Kazi iliyobaki ni kuyafunga maamuzi hayo yasigeuzwe siku yenyewe ikifika.

Usitegemee moyo mgumu. Miaka ya mwisho ya 1960, Walter Mischel na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watoto wadogo chaguo: kitafunwa wasichokipenda sana sasa, au wanachokipenda zaidi wakivumilia mpaka mtu mzima arudi. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 1970, watafiti walitarajia kwamba mtoto anayeiona zawadi atapata nguvu ya kuisubiri. Ikawa kinyume chake: vitafunwa vikiwa mezani watoto walihimili dakika moja hivi kwa wastani, vikiondolewa machoni, walifika zaidi ya dakika 11. Kilichobadilika ni meza tu. Utafiti wa mwaka 2012 uliofuatilia tamaa za kila siku za watu wazima wapatao 200 huko Würzburg, Ujerumani, unaelekea hukohuko: wenye sifa ya kujidhibiti vizuri hawakuwa mashujaa wa kushindana na tamaa, bali walikutana na vishawishi vichache zaidi.

Kuna sharti moja ambalo wahubiri wa akiba hulisahau. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake huko Rochester, Marekani, walirudia jaribio la Mischel, lakini kwanza waliwaahidi watoto kalamu za rangi nzuri. Nusu yao waliletewa, nusu waliambiwa hazipo. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi, dakika 3. Mvumilivu hula mbivu, ila ni pale anapojua hakuna atakayezichuma kabla yake. Mtu aliyeibiwa kibubu, au aliyedhulumiwa na kijumbe anayekusanya pesa za mchezo, ana sababu ya kutumia leo. Kwa hiyo kabla ya kujilaumu kwa kukosa subira, tafuta mahali ambapo pesa yako itakuwa salama kweli.

Siku 14 za kuandika

Chukua daftari la mfukoni. Kwa siku 14 andika kila kinachotoka kuanzia shilingi 500: kiasi, saa, mahali, taslimu au simu, na hali uliyokuwa nayo (njaa, uchovu, na nani, siku ngapi tangu upokee pesa). Usijaribu kupunguza matumizi katika siku hizo, maana ukijibana utapata picha ya uongo. Mwishoni weka alama ya X kwenye kila tumizi ambalo asubuhi yake hukulipanga.

Sasa tazama saa na mahali, achana na bidhaa. Kwa kawaida alama zinajazana sehemu tatu au nne: kituo cha daladala jioni kabla ya kula, siku mbili za kwanza baada ya mshahara, simu kitandani saa 4 usiku, Jumamosi na marafiki. Hizo ndizo sehemu za kushughulikia. Kinachoharibu hatua hii ni kuandika manunuzi makubwa tu. Soda na chipsi za 1,500 kila siku ya kazi, kwa siku 26, ni 39,000, na hakuna siku hata moja uliyohisi umetumia pesa.

Lakini si kila starehe ndogo ni adui. Jiulize: ningeulizwa jana, ningekubali kuitoa hii pesa? Kama ndiyo, hiyo ni raha yako halali, iingize kwenye bajeti. Kama hapana, hapo ndipo tamaa ilipoamua badala yako.

Siku pesa inapoingia

Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Kabla ya kwenda popote, lipa kodi au iweke pembeni, nunua umeme, hamisha akiba, kisha nunua vyakula vikavu vya mwezi: unga, mchele, maharage, mafuta. Chukua mfano wa kipato cha 600,000: kodi 120,000, umeme na maji 40,000, akiba 60,000, dharura na ndugu 50,000, pesa ya hiari 30,000. Inabaki 300,000 ya chakula, nauli na sabuni.

Hapa watu wengi hugawanya kwa nne, 75,000 kila wiki, halafu tarehe 29 wanakopa. Mwezi si wiki nne. Gawanya kwa siku: 300,000 kwa siku 30 ni 10,000. Kama vyakula vikavu vimekula 90,000, gawanya 210,000 iliyobaki: 7,000 kwa siku. Weka bahasha nne za 49,000 na ya tano ya 14,000 kwa siku mbili za mwisho. Mpe bahasha za mbele mtu mwingine nyumbani, au ziache benki na utoe kila Jumatatu. Bahasha zote tano zikikaa kwenye droo moja, utazikopa zote.

Ile 30,000 ya hiari usiifute kwa bidii ya mwezi wa kwanza. Ni asilimia 5 ya kipato na haiulizwi swali. Bajeti isiyo nayo huvunjika wiki ya pili, na ikivunjika haivunjiki kwa 30,000 tu.

Mwenye kipato cha kila siku, kama bodaboda, mama ntilie au fundi, atumie asilimia badala ya kiasi. Kwanza rudisha mtaji, halafu tenga asilimia 10 ya kilichobaki, ukiwa bado kijiweni, kwa wakala wa jirani au mtunza fedha wa kikundi. Ukifika nayo nyumbani imeshachelewa. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilionyesha hili kwa wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Wakulima walitaka mbolea, lakini msimu wa kuitumia ulipofika pesa ya mavuno ilikuwa imekwisha. Walipofuatwa mara tu baada ya mavuno na kuuziwa vocha ya mbolea kwa bei kamili, kwa ahadi ya kuletewa bure, matumizi ya mbolea yalipanda kwa kiwango kinacholingana na kile cha kupunguziwa nusu ya bei baadaye. Bei ilikuwa ileile. Kilichohamishwa ni siku ya kuamua.

Akiba: kufuli jepesi na kufuli zito

Kufunga akiba kunasaidia. Katika jaribio la Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin kwenye benki moja ya kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, wateja walipewa nafasi ya kufungua akaunti isiyofunguka mpaka tarehe au lengo walilojiwekea. Asilimia 28 tu walikubali. Hata hivyo, baada ya miezi 12 akiba ya kundi zima lililopewa nafasi hiyo ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 81 zaidi ya wale ambao hawakuipewa.

Ila kufuli likizidi uzito, watu hulikimbia. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waligawa visanduku vya akiba ya afya magharibi mwa Kenya. Kisanduku ambacho mwenyewe alishika ufunguo kiliongeza kwa wazi manunuzi ya vitu vya kinga. Kile ambacho ufunguo wake ulibaki kwa mradi kilisaidia kidogo kwa manunuzi hayo, kwa sababu watu waliogopa kuweka pesa wasizoweza kuzigusa mtoto akiugua usiku. Somo kwako: usiwe na akiba moja, kuwa na mbili.

Ya kwanza ni ya dharura, yenye kufuli jepesi. Lenga gharama za chakula, nauli na sabuni za siku 14 kwanza (kwa mfano wetu, 140,000), baadaye za mwezi. Iweke kwenye laini nyingine ya simu usiyotembea nayo, au akaunti isiyo na kadi. Ipatikane ndani ya saa chache, ila si kwa kubonyeza tu ukiwa umesimama dukani. Andika mapema dharura ni nini: ugonjwa, msiba, kukosa kazi, paa kung'oka. Harusi si dharura, ina tarehe.

Ya pili ni ya lengo, yenye kufuli zito na tarehe. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari kinafaa kwa kiasi kidogo. Juu yake andika kwa maandishi makubwa lengo, kiasi na mwezi, ADA 360,000 JANUARI, kwa sababu pesa yenye jina huguswa kwa shida zaidi kuliko pesa isiyo na jina. Kikifika 100,000 kivunje upeleke benki, usisubiri mwizi. Akaunti za muda maalum na akiba za kufunga kwenye simu, kama ile ya M-Shwari kwa walio Kenya, zinafanya kazi hiyohiyo.

Vikundi vya kuweka na kukopa vina faida ambayo kibubu hakina: macho ya wenzako. Mtindo wa vikundi hivi ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Pesa hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, ufunguo mmoja mmoja kwa wanachama watatu tofauti, na hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Ukijiunga, nunua hisa kwa kiwango unachokiweza kwenye mwezi wako mbaya kuliko yote. Hicho cha mwezi mzuri kitakushinda, na faini za kuchelewa zitakula faida. Kwenye mchezo wa kupokezana, omba zamu ya mwezi mmoja kabla ya hitaji, na usijiunge na watu usiowajua nyumbani kwao. Mchezo huo huanguka kwa njia moja: aliyepokea mwanzo huacha kuchangia.

Simu

Simu imeondoa vizuizi vyote vilivyokuwa vinakulinda bila wewe kujua: duka kufungwa usiku, foleni, na kuona noti zikipungua. Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT walionyesha mwaka 2001 kwamba watu walioshindania tiketi ya mchezo wa mpira wa kikapu kwa mnada, wakijua watalipa kwa kadi, walitaja bei iliyofika hata mara mbili ya ile ya waliojua watalipa taslimu. Kwa hiyo zile sehemu tatu nne zenye alama za X zilipie taslimu, na simu uiachie bili. Kama daftari linaonyesha taslimu ndiyo inayokuponyoka, geuza. Usiamini ushauri wa jumla kuliko daftari lako.

Kisha rudisha vizuizi kwa mkono. Futa namba ya kadi iliyohifadhiwa kwenye programu za manunuzi. Zima arifa zao zote. Acha kufuata kurasa za wauzaji waliokuuzia vitu vitatu usivyovitumia. Simu ichajiwe sebuleni usiku. Halafu weka sheria ya kusubiri kwa viwango: chini ya 10,000, iwe ndani ya pesa ya hiari; 10,000 hadi 30,000, subiri saa 24; zaidi ya hapo, subiri siku 7, na kitu kiandikwe kwenye orodha pamoja na bei na tarehe. Siku ya saba ikifika na bado unakitaka na pesa ipo, nunua bila kujihukumu. Vingi utavikuta huvikumbuki.

Tangazo la "zimebaki 3 tu" au saa inayohesabu kurudi nyuma limetengenezwa ili likuondolee siku hizo saba. Andika bei ya leo kwenye orodha, rudi wiki ijayo uangalie. Mara nyingi ofa iliyokwisha utaikuta imeanza upya.

Mkopo wa haraka na lipa kidogo kidogo

Hapa tamaa inapata mshirika mwenye hesabu nzuri kuliko yako, kwa hiyo hesabu lazima uifanye kwenye karatasi. Uliza mambo matatu: bei ya taslimu, jumla yote utakayolipa, na idadi ya siku. Tuseme simu ya 250,000 taslimu inatolewa kwa kianzio cha 50,000 na 1,000 kila siku kwa siku 365. Jumla ni 415,000, nyongeza ya 165,000, yaani asilimia 66. Ungeweka kianzio hichohicho na 1,000 hiyohiyo kwenye kibubu, siku ya 200 ungekuwa na 250,000 mkononi, huku mwenzako aliyekopa ana siku 165 za kulipa. Usikubali kuambiwa "ni buku tu kwa siku" bila kuuliza siku ngapi.

Mkopo wa namna hiyo una maana pale kifaa kinapoanza kuingiza au kuokoa pesa siku ya kwanza: cherehani yenye wateja wanaosubiri, au taa za sola zinazoondoa gharama ya mafuta ya taa. Andika kiasi kitakachoingia kwa siku. Kama hakizidi rejesho, huo si mkopo wa biashara, hata ukiupa jina hilo.

Ada ya mkopo ya asilimia 7.5 kwa siku 30 inasikika ndogo. Ukiichukua tena kila mwezi, umelipa asilimia 90 ya mkopo kwa mwaka. Mikopo ya kausha damu hukata zaidi, tena hukusanya kila siku au kila wiki ili usipate hata nafasi ya kuhesabu. Huduma za kukamilishiwa malipo salio lisipotosha, Fuliza upande wa Kenya na Songesha upande wa Tanzania, zina hatari ya aina yake. Zinaondoa ule wakati ambao malipo yangekataliwa nawe ungefikiri mara ya pili, na pesa inayofuata kuingia inakatwa deni kwanza, ndipo unapojikuta umepungukiwa tena. Kama umeitumia zaidi ya mara mbili kwa mwezi, lipa deni lote siku ya mshahara, kisha omba uondolewe kwenye huduma siku hiyohiyo.

Kubeti kusitolewe kwenye pesa ya hiari. Kwa mtu anayefukuzia kilichopotea jana, kikomo kidogo hakishiki. Afunge akaunti na kuiomba kampuni imzuie, na asitunze pesa kwenye laini aliyokuwa akibetia.

Sokoni

Kula kwanza, nenda na orodha, beba kiasi cha orodha na nyongeza ya asilimia 10. Vitu vya lazima visivyoliwa kwa tamaa, kama unga, sabuni na chumvi, nunua kwa wingi, ni nafuu. Vya tamaa fanya kinyume. Klaus Wertenbroch aliandika mwaka 1998 kuhusu wanunuzi wanaolipa zaidi kwa pakiti ndogo za vitu wanavyovipenda kupita kiasi, ili visiwepo nyumbani. Kwenye daftari inaonekana hasara, lakini katoni ya soda iliyopatikana kwa bei ya jumla huisha siku nne, na ile moja moja ya dukani ungeinywa kwa wiki mbili.

Sentensi ya kubeba kichwani

Kwa kila sehemu yenye alama za X, andika sentensi moja yenye saa, mahali na kitendo. "Nitapunguza chipsi" haina nguvu. "Nikishuka kituoni saa 12 jioni nikiwa na njaa, nitakula ndizi niliyobeba, nitapita njia ya nyuma" ina nguvu, kwa sababu kituo chenyewe kitakukumbusha. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanyia kazi sentensi za aina hii kwa miaka mingi. Zisizidi tatu kwa wakati mmoja.

Kuna siku utateleza. Hasara kubwa haitoki kwenye kosa la kwanza, inatoka kwenye yanayofuata, pale mtu anapojiambia mwezi umeshaharibika, acha niendelee. Janet Polivy na Peter Herman wa Toronto waliliona hili kwa watu wanaojinyima chakula: wakiamini mpango wa siku umevunjika, hula zaidi kuliko wasiojinyima. Kwa hiyo amua mapema namna ya kurudi: kilichozidi kitolewe kwenye pesa ya hiari ya mwezi ujao, bahasha ya kesho isiguswe, na usiongeze adhabu. Ukiteleza mara tatu sehemu ileile, badilisha njia, saa au mtu anayeshika pesa. Kujikaripia hakujawahi kubadilisha meza.

Kuongeza akiba nako kufanyike kwa nyongeza ya kesho, isiwe kwa kujikata leo. Richard Thaler na Shlomo Benartzi waliwaomba wafanyakazi wa kiwanda kimoja Marekani wakubali mapema kwamba kila mshahara ukipanda, sehemu ya nyongeza iende kwenye akiba. Katika miezi 40, akiba yao ilipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6. Mwenye mwajiri aandike maelekezo benki kabla nyongeza haijatangazwa: nusu ya kila nyongeza ihamishwe siku mshahara unapoingia. Mfanyabiashara atumie msimu wake mzuri, uwe Ramadhani, Desemba au mavuno, na asilimia aiandike mwezi mmoja kabla, mbele ya mtu wa nyumbani atakayemuuliza.